Nimefunga kemshafti nyingine, sasa injini inamisi: fundi anajibu maswali yenu

Mwezi huu nimepata barua tatu zinazofanana kama watoto wa mama mmoja, zote za injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1497 iliyojaa kwenye Probox, Vitz, IST, Allion na Premio zetu, na zote ni za kemshafti, ile shafti yenye nundu inayofungua vali: mbili ni gari iliyofungwa nyingine kisha ikarudi kwa mwenyewe ikiwa mbaya kuliko ilivyoingia gereji, ya tatu ni mtu anayetaka kununua ya mtumba. Nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu huyu ndugu alikuwa anaelekea kupoteza hela nyingi.

SWALI (msomaji, Iringa)

Shikamoo fundi. Nina Probox 1NZ, napigia kazi ya mizigo hapa Iringa mjini na mara mojamoja nashuka Morogoro. Ilianza kugonga kwa juu, fundi akafungua kava ya vali akakuta nundu mbili za kemshafti ya intek (upande wa hewa kuingia) zimelika, nikanunua kemshafti zote mbili za mtumba, akafunga siku hiyohiyo. Sasa ikiwa ya baridi inawaka poa tu, ila ikishapata moto kama dakika kumi hivi, sailensa (gari ikiunguruma imesimama) inatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, na nikikanyaga mafuta ghafla inakohoa kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) kama mtu mwenye kifua. Mlima Kitonga napanda na gia ya kwanza wakati zamani na mzigo uleule nilipanda na ya pili. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu inasoma P0302 na P0303. Tumebadilisha plagi zote 4, koili 2, tumesafisha nozeli, hakuna kitu. Sasa fundi anasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa, nyingine ni laki tatu na nusu. Ninunue?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Hiyo laki tatu na nusu iweke kabisa mfukoni na mwambie fundi asubiri.

Hebu tufikirie pamoja. Gari iliingia gereji ikiwa na shida moja tu, kugonga juu. Kontrol boksi ilikuwa nzima, koili nzima, plagi nzima, maana ungekuwa unamisi (silinda inaruka bila kuwaka) tangu zamani. Kikafunguliwa kitu kimoja, gari ikatoka inamisi. Sasa mbona tunatafuta mchawi kwenye vitu ambavyo havikuguswa? Anza na kilichoguswa, na kilichoguswa ni kemshafti, tapeti, cheni na zile waya na mipira inayotolewa ili kava ifunguke. Mimi gari ikija na historia kama yako hata mashine siichomeki kwanza, nauliza tu ni nini kilifunguliwa na nani alifunga na alipima nini kabla ya kufunga.

Na kwako jibu la hilo swali la mwisho nadhani nalijua. Kazi iliisha siku hiyohiyo, na kwenye barua yako nzima hakuna mahali umetaja fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia gepu. Ni karibu hakika kwamba tapeti hazikupimwa.

Iko hivi. Kwenye 1NZ hakuna tapeti ya skrubu ya kukaza na kulegeza kama injini za zamani, na wala hakuna tapeti ya oili inayojirekebisha yenyewe. Kuna kikombe cha chuma kimekaa juu ya kila vali, viko 16, na nundu ya kemshafti inakandamiza mgongo wa kikombe moja kwa moja. Gepu kati ya kemshafti na kikombe inapangwa kwa unene wa kikombe chenyewe. Kiwandani kila kikombe kilichaguliwa kwa ajili ya vali yake na kemshafti ile iliyokuwepo. Ukileta kemshafti nyingine, tena ya mtumba iliyotoka kwenye injini yenye maisha yake, gepu zote 16 zinabadilika, nyingine kidogo nyingine sana. Tena vali za gari ya miaka mingi zimeshazama kidogo kwenye viti vyake, kwa hiyo gepu zilikuwa zinaelekea kubana hata kabla hujabadilisha kitu.

Tapeti iliyolegea utaisikia, inapiga tik-tik-tik. Iliyobana haina sauti yoyote, na ndo maana fundi anawasha, anasikia kimya, anafurahi, anakukabidhi ufunguo. Kumbe vali haifungi mpaka mwisho. Asubuhi chuma ikiwa ya baridi inafunga kwa shida lakini inafunga, injini ikipata moto shina la vali linarefuka, kikombe kinaegemea kemshafti, vali inabaki wazi kaupenyo kama unywele na mgandamizo unavuja. Hapo ndo unaona mtetemo unaanza baada ya dakika kumi. Na kule kukohoa kwenye throto kunatuambia hata ni upande gani, kwa sababu moto wa silinda unarudi nyuma kupitia vali ya intek ambayo haijaziba. Ingekuwa ya ekzosi ungesikia zaidi kwenye bomba huku nyuma. Mashine nayo imekuonyesha silinda, P0302 ni silinda ya pili inamisi, P0303 ni ya tatu. Ila mashine haijui kama ni cheche, mafuta au mgandamizo, inajua tu kwamba krenki (shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni) imezunguka kwa kusitasita silinda hiyo ilipofika zamu yake, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba P0302 maana yake ni koili.

Fanya hivi. Kwanza pima mgandamizo, ni kipimo cha bei ndogo kuliko koili moja. Toa plagi zote 4, chomoa soketi za nozeli na za koili, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata mpaka mshale usimame, andika. Pima injini ikiwa ya baridi, halafu iwashe ipate moto kabisa upime tena. Watu wengi wanapima mara moja tu wakati tofauti ya baridi na moto ndo inayosema. Injini ya aina hii ikiwa na afya utaona namba zinacheza kati ya 170 na 210 psi na silinda zote zinakaribiana. Kama ya 2 na ya 3 ziko vizuri asubuhi halafu zinaanguka zikiwa za moto huku ya 1 na ya 4 zimetulia, hapo umeshamaliza ubishi wote wa kontrol boksi.

Kisha acha gari ilale ipoe usiku mzima, asubuhi fungua kava ya vali. Zungusha krenki kwa spana kwenye boliti ya puli, uelekeo wa saa, kamwe usirudishe nyuma, mpaka alama ya puli ikae kwenye 0 na nundu za silinda ya 1 ziwe zimegeukia pembeni hazikandamizi kitu. Hapo pima intek za silinda ya 1 na 2, na ekzosi za 1 na 3. Zungusha mzunguko mmoja kamili, pima intek za 3 na 4, na ekzosi za 2 na 4. Intek inatakiwa iwe kati ya 0.15 na 0.25 mm, ekzosi kati ya 0.25 na 0.35 mm. Jani la fila geji lipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa katikati ya daftari, likipita lenyewe bila kushikwa ujue hilo jani ni jembamba, chukua linalofuata. Mwaka jana nililetewa IST ina hadithi kama yako, vali moja ya intek hata jani la 0.05 halikuingia, unaligusisha pale linapinda tu. Mwenye gari aliliona kwa macho yake mwenyewe na hakuuliza tena habari ya koili.

Andika zote 16 kwenye karatasi, chora vali zilivyokaa kabisa. Sasa kwa zile zilizo nje ya kipimo, toa kemshafti, toa kikombe, pima unene wake kwa maikromita pale katikati. Hesabu yake ni nyepesi, unene wa kikombe cha zamani ujumlishe na gepu uliyopata utoe 0.20 kwa intek, au utoe 0.30 kwa ekzosi. Mfano kikombe kina 5.40 mm na gepu umekuta 0.08, basi 5.40 jumlisha 0.08 toa 0.20 unapata 5.28. Unatafuta kikombe cha 5.28, ndani yake kimegongwa namba 28. Vinapatikana kuanzia 5.06 mpaka 5.74 mm, vinapishana kwa 0.02. Na kabla hujaenda dukani jaribu kuvihamisha vyenyewe kwa vyenyewe, mara nyingi kikombe kinachobana hapa kinakaa vizuri kabisa pale kwenye gepu kubwa, mimi nimewahi kumaliza injini nzima kwa kununua vikombe vitatu tu. Ndo maana nasisitiza karatasi, ukichanganya vikombe kwenye sahani bila kuviandika umejitafutia siku mbili za kazi.

Kama gepu zote utazikuta sawa, ambayo nitashangaa, ndo uende kwenye taiming ya cheni. Mafundi wengi hawafungui kava ya mbele, wanafunga cheni na waya kwa juu wanatoa kemshafti. Inawezekana, lakini cheni ikilegea sekunde moja tu ile tensheni (kikaza cheni) inachomoza na hairudi yenyewe, au cheni inaruka jino kule chini kwenye krenki ambako huoni. Jino moja linatosha kukuondolea nguvu ya kupanda mlima. Weka alama ya puli kwenye 0, angalia alama za gia mbili za kemshafti kama zimekaa zinavyotakiwa. Usihangaike na vile viungo vya rangi vya cheni, ukishazungusha injini haviwezi kurudi kukutana na alama mpaka mizunguko mingi ipite, nimeona watu wanafungua injini nzima upya kwa sababu hiyo. Unachokagua ni alama za gia na puli. Na kila mkishafunga, zungusheni krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla hamjagusa stata, kwa sababu taiming ikikosewa sana vali inagonga pistoni, mkono wako utasikia imegota na utasimama, stata haitasimama.

Mipira ya hewa na soketi nazo zikaguliwe, mpira wa kava ya vali unaokwenda intek hasa, ukipasuka injini inavuta hewa ya wizi. Ila hiyo ingekuletea P0171 (kodi ya hewa nyingi kuliko mafuta) na ingesumbua silinda zote, siyo mbili.

Jambo la mwisho kwako, na hili ni la leo siyo la kesho. Usipande tena Kitonga na mzigo mpaka ipimwe. Vali isiyokaa kwenye kiti chake haina pa kupozea moto wake, ya ekzosi ikiwa hivyo inaungua ukingo na hapo hedi (kichwa cha injini) inakwenda kwa machinisti, halafu mafuta yasiyoungua yanashuka kuyeyusha masega ya kisafisha moshi kwenye ekzosi. Ukiona taa ya cheki injini inapepesa, siyo inawaka imetulia, inapepesa, egesha pembeni. Na rudi kwa fundi yuleyule kwa heshima, mwambie tukapime tapeti pamoja. Kama ni mtu wa kazi atakubali.

SWALI (msomaji, Mombasa)

Salaam aleikum fundi. Mimi nina Premio 1NZ. Makanika wangu alibadilisha kemshafti ya intek pamoja na ile gia yake kubwa ya VVT-i, na cheni mpya. Tangu hapo gari inatetemeka ikisimama, juzi imenizimikia mara mbili kwenye jam ya daraja la Nyali nikaona haya kwa vile watu walivyonipigia honi. Tapeti alipima, nilimwona mwenyewe na alikuwa na karatasi. Kodi inakuja P0011, akiifuta inarudi siku ya pili. Nifanye nini?

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu, pole sana, na huyo makanika wako aliyepima na karatasi usimwache, anajua kazi. Shida yako iko mahali pengine kabisa.

P0011 maana yake kompyuta imeona kemshafti ya intek iko mbele kuliko ilivyoagizwa. Ile gia kubwa siyo gia tupu, ndani ina vyumba vya oili, oili ikisukumwa huku kemshafti inatangulia, ikisukumwa kule inachelewa. Gari ikiwa sailensa inatakiwa kemshafti irudi nyuma kabisa itulie. Ikibaki mbele, moshi wa ekzosi unarudi kuchanganyika na hewa mpya, injini inatetemeka, ikizidi inazima. Ukiwa barabarani spidi 80 husikii kitu, ukisimama kwenye jam ndo inakuaibisha.

Nashuku vitu viwili. Cha kwanza ni ufungaji wa gia. Ndani yake kuna pini inayoifunga ikiwa imerudi nyuma kabisa, na gia ikishafungwa kwenye kemshafti na kurudishwa nyuma kabisa, pini inatakiwa ijifunge. Ukishika kemshafti na gia mkononi ukajaribu kuvizungusha kinyume, visicheze. Vikicheza, pini haijaingia au imekatika. Boliti hiyo inakazwa 64 Nm, na kemshafti inashikwa na spana kwenye ile sehemu yake yenye pembe sita, siyo kwa kuzuia gia au cheni. Vilevile kuna kijipini cha kuelekeza gia ikae mahali pake, kisipoingia kwenye tundu lake gia inakazwa ikiwa imepinda hatua kidogo na taiming yote inakosea, ingawa hapo kwa kawaida ungeona na P0016 (kodi ya kemshafti na krenki kutopatana) pia.

Cha pili, na mimi naanza na hiki kwa sababu hakihitaji kufungua injini, ni vali ya oili ya VVT, kile kidude chenye soketi ya waya mbili kilichochomekwa kwenye hedi. Kemshafti yako ya zamani ililika si ndiyo? Basi ile chuma iliyolika ilikwenda wapi? Ilizunguka na oili. Kuna kawavu kadogo kwenye njia ya oili ya VVT, na uchafu huo unajaa pale au unabana ile vali isirudi. Makanika achomoe soketi, apime ukinzani, injini ikiwa ya baridi asome kati ya 6.9 na 7.9 om. Kisha injini ikiwa sailensa aipe hiyo vali volti 12 za betri sekunde moja mbili tu, injini nzima inatakiwa itetemeke sana au izime, akitoa itulie. Ikitetemeka ikatulia, vali inafanya kazi. Isipobadilika kitu, imekwama, aitoe aisafishe, aangalie na kawavu. Halafu mwage oili yote na filta, tia mpya ya 5W-30, kama lita 3.7 hivi pamoja na filta, endesha siku chache kisha umwage tena hata kama inaonekana safi. Najua oili ni ghali, lakini hiyo ya kwanza inakwenda kuosha ndani.

Ikishindikana hapo ndo mfungue kava mkague pini ya gia. Gia ya VVT ikiwa imekatika pini haitengenezwi, inabadilishwa.

SWALI (msomaji, Kahama)

Fundi, kemshafti yangu ya Vitz 1NZ imelika na mpya siiwezi. Kwenye mtumba niangalie nini? Kuna jamaa ana ya Prius anasema ni ileile.

JIBU

Siyo ileile. Prius ya zamani ina 1NZ-FXE, jina linakaribia na kwa macho zinafanana sana, lakini kemshafti yake ya intek imechongwa ili vali ichelewe mno kufunga, sehemu ya hewa inarudishwa kwenye manifodi (bomba la kugawa hewa) makusudi kwa ajili ya kubana mafuta. Ile injini imejengewa mgandamizo wa 13 kwa 1 na ina mota ya umeme ya kuisaidia, yako ni 10.5 kwa 1 na haina msaidizi. Ukiifunga kwako mgandamizo utashuka silinda zote kwa usawa, gari itakuwa nzito kama imefungwa kamba, na fundi atakuambia ringi za pistoni zimekwisha.

Tafuta iliyotoka kwenye 1NZ-FE, na ukiweza ichukue pamoja na vikombe vyake vyote vikiwa vimepangwa kwa namba. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila nundu taratibu, ukucha ukikwama hata kidogo iache. Ncha ya nundu iwe inang'aa imeviringika, siyo bapa. Zile shingo zinazokaa kwenye hedi nazo zisiwe na mistari. Izungushe ikiwa imelazwa kwenye shingo zake za mwishoni uone kama imepinda.

Ila zile kepi za kushikilia kemshafti usinunue na usikubali akubadilishie. Zilitobolewa pamoja na hedi yako, kila moja ina namba na mshale wa uelekeo, zirudi palepale zilipotoka. Zikazwe kidogokidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, mwisho 13 Nm tu kwa zile ndogo, zile za mbele kabisa 23 Nm, kwa hiyo fundi asiyekuwa na spana ya torki aazime kabla hajaanza. Paka oili kwenye nundu na shingo zote wakati wa kufunga, usifunge kavu. Na kabla ya yote hayo jua kwanza hiyo ya zamani ililika kwa nini, vua sampo (bakuli la oili la chini) uangalie kichujio cha pampu ya oili kama kimeziba tope, maana kikiwa kimeziba hata ungefunga kemshafti mpya kutoka kwenye boksi italika vilevile.